Bad Brains: Radi Iliyopiga Washington

Wapo watakaowaambia kwamba panki ni muziki wa watu wasiojua kupiga vyombo. Mkikutana nao waacheni wamalize, kisha waulizeni swali moja tu: mmewahi kuwasikia Bad Brains?

Sogeeni, niwasimulie. Hii ni habari ya vijana wanne Weusi wa Washington, mji mkuu wa Marekani, walioanza na jazi, wakahamia panki, wakaingia kwenye rege. Leo ni karibu nusu karne tangu washike vyombo pamoja, na wanamuziki waliowazidi umaarufu mara nyingi bado wanawataja kwa heshima. Msitarajie hadithi ya magari ya kifahari, kwa sababu fedha za muziki huu walikuja kuzichuma wengine. Wala msitarajie marafiki wa kufa na kuzikana. Hawa waligombana, wakaachana, wakarudiana, wakaachana tena, mpaka msimulizi anachoka kuhesabu.

Kwanza panki yenyewe. Katikati ya miaka ya 1970 muziki wa roki ulikuwa umevimba. Bendi kubwa zilijaza viwanja, nyimbo zikarefuka, na mpiga gitaa akianza madoido yake uliweza kwenda kununua soda, ukarudi ukamkuta bado anaendelea. Vijana wasio na fedha wala subira wakachoka. New York wakatokea Ramones, London wakatokea Sex Pistols na The Damned. Nyimbo zao zilikuwa za dakika mbili tatu, kodi chache za gitaa, mwendo wa mchakamchaka na maneno ya kuchokoza. Raha yake ni kwamba hukuhitaji ruhusa ya mtu. Ukiwa na gitaa bovu na wenzako watatu, jioni hiyohiyo mlikuwa bendi.

Wengi wa vijana hao walikuwa Wazungu. Upande wa Washington ambako mashujaa wetu walikulia, yaani kusini-mashariki mwa jiji na vitongoji vya Maryland vinavyopakana nalo, muziki ulikuwa fanki, na baadaye go-go ya Chuck Brown, ambayo ngoma hazinyamazi hata wimbo mmoja unapoisha na mwingine kuanza. Kijana Mweusi aliyeshika gitaa mtaani hapo kila mtu alijua atapiga nini.

Hawa wanne wakaamua kupiga kitu kingine. Gary Miller, anayejulikana kwa jina la jukwaani la Dr. Know, alishika gitaa. Darryl Jenifer alishika besi. Waliobaki ni ndugu wa tumbo moja: Paul Hudson, aliyekuja kuwa mwimbaji, na mdogo wake Earl, mpiga dramu. Baba yao alikuwa mwanajeshi wa Jeshi la Anga la Marekani, kwa hiyo familia ilihamahama. Paul mwenyewe alizaliwa Liverpool, Uingereza. Ulimwengu unamjua zaidi kwa herufi mbili, H.R., ambazo yeye alizipa maana ya Haki za Binadamu.

Mwaka 1976 waliunda bendi wakaiita Mind Power, na walichokitaka ni jazi ngumu iliyochanganywa na roki, ile ya Return to Forever na Mahavishnu Orchestra. Huo ni muziki wa mapigo yanayobadilikabadilika na noti zinazomiminika. Huwezi kuudanganya. Usipofanya mazoezi, wenzako wanakuacha njiani na kila msikilizaji anajua umeachwa. Hebu likumbukeni hili, maana bila jazi ile yaliyofuata yasingewezekana.

Jina la Mind Power, yaani nguvu ya akili, linaendana na kitabu kimoja. Baba yake H.R. alikuwa amempa mwanawe *Think and Grow Rich* cha Napoleon Hill, kilichotoka mwaka 1937, mojawapo ya vile vitabu vinavyomfundisha mtu kuwaza mema ili atajirike. H.R. akakinywa chote. Humo wakachota wazo la kuilinda akili isiingiwe na fikra za kushindwa, wakalifupisha kwa herufi tatu, PMA (Positive Mental Attitude, yaani mtazamo chanya wa akili), na baadaye wakaliimba kwa kasi ya kutisha mbele ya vijana waliochana nguo zao na kuzibana kwa pini. Mimi hucheka kila nikiwaza jambo hili. Kitabu cha wafanyabiashara kikageuka wito wa panki, na hadi leo wapo watu Marekani na Ulaya waliochanjwa PMA kwenye ngozi zao.

Aliyewaletea panki ni rafiki yao, Sid McCray, ambaye ndiye aliyekuwa mwimbaji wao mwanzoni. Alikuja na sahani za santuri za Ramones, Sex Pistols na wengineo, akawawekea wasikilize. Mafundi wale wa jazi wangeweza kubeza. Badala yake wakaona nguvu ambayo jazi yao haikuwa nayo, wakajiuliza: tukiupiga huu kwa mikono yetu, utakwendaje? Jina jipya wakalitoa kwenye wimbo wa Ramones uitwao "Bad Brain". H.R. akachukua nafasi ya kuimba, wakajifungia kwenye nyumba waliyokuwa wakiishi pamoja Forestville, Maryland, wakafanya mazoezi.

Jibu likawa ni kwenda kasi kuliko wote. Kasi peke yake haina ajabu. Hata mtoto anaweza kukung'uta sufuria haraka. Bendi nyingi zikikimbia hivyo, vyombo vinagongana na kubaki kelele. Kwa Bad Brains kila noti ilisikika. Walikuwa wakikimbia, ghafla wanasimama wote wanne kwa pamoja, kimya cha kufumba na kufumbua, kisha wanaondoka tena bila hata mmoja kuchelewa. Dr. Know akipewa nafasi ya solo ya sekunde chache, alimwaga humo vitu ambavyo wengine wangevitandaza kwa dakika kumi. Santuri yao ya kwanza, ya mwaka 1980, ilikuwa na wimbo usiofika hata dakika mbili, na walioununua walirudia kuucheza ili wajue kimepita nini.

Mwaka 1979 The Damned walipokuja Washington kutoka Uingereza, Bad Brains ndio waliofungua onyesho. Katika miaka hiyo vijana wadogo wa Kizungu wa jiji hilo, wengine bado wako sekondari, walianza kuwafuata kila walikopiga. Mmoja wao aliitwa Ian MacKaye, na alikuwa na bendi ya wanafunzi iitwayo Teen Idles. Mwingine ni Henry Rollins. Wote wawili walikuja kuwa majina makubwa ya panki, na wote hawajaacha kueleza walivyoshangazwa na wale jamaa wanne.

Hapa pana kisa ninachokipenda. Bad Brains waliamua kwenda kujaribu bahati Uingereza. Wakakusanya kila senti, wakapanda ndege na vyombo vyao. Walipofika, maofisa wa uhamiaji wakawauliza vibali vya kazi. Hawakuwa navyo. Wakarudishwa hukohuko walikotoka bila kupiga hata wimbo mmoja. Na kama haikutosha, walipotua New York vyombo vyao vikaibwa. Mtu usiye na gitaa, usiye na dramu, usiye na fedha, unaitwaje mwanamuziki?

Waliowaokoa ni wale watoto wa shule. Teen Idles waliwakaribisha mahali pao pa mazoezi, wakawaruhusu watumie vyombo vyao. Ikawa vyombo ni vimoja, lakini sauti ni kama mbingu na ardhi. Tafakarini hao wanafunzi: gitaa lilelile ulilokuwa ukililaumu kwamba ni bovu, anakuja mtu analishika, na mbele ya macho yako linaunguruma. MacKaye na mwenzake Jeff Nelson wakaanzisha mwaka 1980 kampuni ndogo ya kutoa santuri, Dischord, na panki ya Washington ikapata mizizi inayozaa mpaka leo.

Mcheza kwao hutunzwa, lakini hawa walicheza kwao wakafungiwa milango. Wenye kumbi waliogopa vurugu za mashabiki, viti kuvunjika, watu kurukiana vichwani. Moja baada ya nyingine zikakataa kuwapa nafasi. Bad Brains wakaligeuza tatizo hilo kuwa wimbo, "Banned in D.C.", yaani tumepigwa marufuku mjini kwetu, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakafungasha kuelekea New York.

Kabla ya kuhama kulikuwa kumetokea jambo jingine. Walikwenda kumwona Bob Marley akipiga kwenye ukumbi mkubwa wa Capital Centre huko Maryland, na waliporudi hawakuwa watu walewale. Wakaingia kwenye imani ya Rasta, wakafuga rasta, wakaanza kuzungumza habari za Jah na Uhabeshi. Na wakaanza kupiga rege kwa bidii ileile waliyoitoa kwenye jazi.

Sasa jiwekeni katika nafasi ya mtazamaji. Mmerukaruka nusu saa, shati limeloa, moyo unataka kutoka. Ghafla besi ya Darryl inashuka taratibu, Earl anapunguza mkono, H.R. anafumba macho na kuimba kwa sauti nyororo kama mtu anayesali. Dakika tano hivi za rege safi. Kisha, bila onyo, radi inarudi. Kwa miaka ya mwanzo hawakuzipika aina hizo mbili za muziki katika chungu kimoja. Waliziweka ubavu kwa ubavu, kila moja na hadhi yake. Baadhi ya mashabiki walinung'unika, wakitaka kasi tu. Kwa maoni yangu walikosea: rege ndiyo iliyowafanya watu wasikie ukali wa zile nyingine.

Ipo filamu ya maonyesho yao ya Desemba 1982 katika CBGB, ukumbi mwembamba na mchafumchafu wa mtaa wa Bowery, New York, uliozilea bendi nyingi za panki. Itafuteni mwone. Watu wamejazana mpaka mstari wa jukwaa haujulikani ulipo. Kijana anapanda, anajitupa juu ya vichwa vya wenzake, wa pili anafuata. H.R. anatetemeka, anaanguka, anainuka, jicho limetoka, lakini neno halimpotei wala pigo halimpiti. Alikuwa na mchezo mmoja uliomjengea jina: mwishoni mwa wimbo aliruka samasoti ya kinyumenyume, akatua kwa miguu yake sawia na pigo la mwisho la dramu. Waliomwona wanasema wazi kwamba hawakuamini macho yao.

Mwaka huohuo wa 1982 ndipo ilipotoka albamu yao ya kwanza. Waliirekodi katika studio ndogo iliyoitwa 171-A, Avenue A, kwa fundi mitambo aliyekuwa akiishi na muziki huo mlemle. Kampuni ya ROIR iliitoa kwa kaseti tu, bila santuri. Jalada ni la manjano, na limechorwa radi ikilipiga kuba la jengo la Bunge la Marekani. Kumbukeni wametoka mji gani na umewatendea nini, mtaielewa picha hiyo bila kuelezwa. Kaseti ilisafiri kirahisi, ilinakiliwa kirahisi, ikapita mkono hadi mkono. Adam Yauch wa Beastie Boys, bendi ambayo kabla ya kurap nayo ilikuwa ya panki hapohapo New York, aliwahi kusema kwamba kwake hiyo ndiyo albamu bora ya panki ya nyakati zote. Sioni sababu ya kumpinga.

Mwaka uliofuata, Ric Ocasek wa bendi ya The Cars, mtu aliyekuwa na nyimbo redioni na fedha mfukoni, aliwatengenezea albamu ya pili, *Rock for Light*. Mambo yalionekana yanaiva.

Lakini msimulizi anayewaficha ubaya wa mashujaa wake anawadanganya. Mwaka 1982, wakiwa safarini Texas, walipokewa mjini Austin na bendi ya wenyeji, Big Boys. Walipojua kwamba mwimbaji wa wenyeji wao alikuwa shoga, walimtolea maneno ya chuki. Habari ikaenea nchi nzima, marafiki wengi wakawapa kisogo. Watu waliofungiwa milango kwao nao waliwafungia wengine. Miaka ilipopita baadhi yao walikiri kwamba walikosa, lakini doa lile halikufutika.

Ufa mwingine ulikuwa ndani. H.R. alizidi kutaka rege peke yake, Dr. Know na Darryl walitaka kuendelea na roki. Bendi ikavunjika, ikaungana. Mwaka 1986 wakatoa *I Against I* kupitia SST, kampuni ya Greg Ginn wa bendi ya Black Flag huko California. Humo kasi imepungua kidogo, na vyungu vilivyokuwa vimetengwa sasa vimemiminwa pamoja: roki nzito, fanki, rege, vyote. Mtengenezaji alikuwa Ron Saint Germain. Kazi ikakaribia kwisha na wimbo mmoja, "Sacred Love", haujapata sauti, na mwimbaji anatakiwa gerezani kwa kesi ya bangi. Wafanyeje? H.R. akaimba kwa simu kutoka jela. Studio wakapokea simu, wakairekodi sauti ile nyembamba ya waya, wakaiweka kwenye wimbo ilivyo. Mkisikiliza leo mtaitambua mara moja. Inakuna, inasikika iko mbali, na inaufaa wimbo kuliko sauti yoyote safi ambayo angeirekodi studio.

Baada ya hapo nitapita haraka, maana ni mlolongo wa kuondoka na kurudi. H.R. na Earl walitoka. Wakaletwa waimbaji wengine, akiwemo Chuck Mosley aliyekuwa wa bendi ya Faith No More, na kisha Israel Joseph I, aliyeimba kwenye *Rise* ya mwaka 1993. Wale wanne wa asili wakarudiana, na mwaka 1995 wakatoa *God of Love* chini ya Maverick, kampuni ya Madonna. Ilikuwa nafasi ambayo bendi nyingi huisubiri maisha yote. Wakapangiwa ziara na Beastie Boys, ambao sasa walikuwa matajiri. Ziarani H.R. akamshambulia meneja wao, na nafasi ile ikayeyuka.

Wakati huo watu walisema ana wazimu, wengine wakasema ni maringo ya msanii. Filamu ya maisha yake, *Finding Joseph I*, ilikuja kueleza kwamba ndugu yetu alikuwa akiumwa ugonjwa wa akili kwa miaka mingi. Juu yake kulikuwa na maumivu ya kichwa ya aina adimu, yanayochoma ghafla na kurudiarudia, na mwaka 2017 alifanyiwa upasuaji wa ubongo. Wenzake walimpenda, wakamkasirikia, wakamwogopa, na kila alipopata nafuu walimfungulia mlango. Sijui kama mimi ningekuwa na moyo huo.

Mwaka 2007 Adam Yauch, yule wa kaseti ya manjano, aliwatengenezea *Build a Nation*. Alichotaka ni wale wanne wasikike kama walivyosikika alipokuwa kijana, na kwa kiasi kikubwa alifanikiwa. Mwaka 2012 ikafuata *Into the Future*, mwaka uleule Yauch alipofariki kwa saratani. Mwishoni mwa 2015 Dr. Know moyo wake ulisimama, akalazwa hoi akipumua kwa mashine. Mashabiki walishaanza kuomboleza, yeye akapona. Mwaka 2016 jina la bendi likaingia kwenye orodha ya wanaopendekezwa kwa Jumba la Heshima la Roki la Marekani. Hawakuchaguliwa.

Waliofaidi shamba lao ni wengi. Dave Grohl wa Foo Fighters, aliyekulia ng'ambo ya mto kule Virginia, alipotengeneza mfululizo wake wa televisheni kuhusu miji ya muziki mwaka 2014, kipindi cha Washington hakikuweza kwenda bila Bad Brains. Vernon Reid wa Living Colour, naye mpiga gitaa Mweusi aliyechoka kuulizwa kwa nini anapiga roki, amewataja sana. Kwake na kwa wengine kama yeye, kule tu kuwaona wale wanne jukwaani kulimaliza ubishi.

Na hatimaye mali imerudi kwa wenyewe. Mwaka 2021 walianzisha lebo yao, Bad Brains Records, wakazirejesha rekodi zao za zamani mikononi mwao, zikasafishwa na kutolewa upya.

Basi mkitaka kuwasikia, msianzie katikati. Anzeni na kaseti ya manjano yenye radi, muisikilize yote mwanzo mpaka mwisho, pamoja na nyimbo za rege msizirushe. Kisha nendeni *I Against I*, muitafute ile sauti ya simu. Na kama yupo kati yenu anayejifunza gitaa, dramu au besi, asivisikilize vidole vya Dr. Know kwanza. Awasikilize wote wanne pale wanaposimama ghafla kwa pamoja, ajaribu kufanya hivyo na wenzake, halafu aje anieleze kama ilikuwa rahisi.